Kuwasha kori za akiba kwenye seva yenye patisheni pepe, na kuzirudisha kwa wakati

Seva kubwa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kori nyingi kuliko zile mteja alizolipia. Za ziada zimo humo humo ndani ya mashine, zimefungwa, zinasubiri msimbo. Mahesabu ya kufunga mwezi yakielemea, unatoa amri, kori zinaamka bila seva kuzimwa, unazitumia siku chache, kisha unazirudisha na kulipia siku hizo tu.

Mpango ni mzuri, lakini huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, kori zinawashwa na kuanza kulipiwa huku programu iliyokuwa inakwama ikiendelea kukwama vilevile, kwa sababu patisheni yake, yaani sehemu ya seva iliyotengwa yenye mfumo endeshi wake, haina njia ya kuzifikia. Ya pili, kazi inakwisha, watu wanalala, na hakuna aliyezirudisha. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kuziba mianya hiyo miwili, ndiyo maana kuwasha kwenyewe kumekuja katikati ya mwongozo na si mwanzoni.

Mifano yote ni ya IBM Power, yenye konsoli ya usimamizi ya HMC na patisheni zinazoendesha AIX au Linux. Anayesimamia seva za HP-UX atakuta wazo ni lilelile kwa majina mengine: patisheni ni vPars, kori za akiba ziko chini ya iCAP, hali hutazamwa kwa `icapstatus`, idadi ya kori hai hubadilishwa kwa `icapmodify`, na kuzihamisha kati ya patisheni ni kazi ya `vparmodify`. Uwezo wa muda huko huitwa TiCAP na uliuzwa kama muda wa kori. Kifurushi cha siku 30 ni dakika 43,200 za kori moja, kwa hiyo kori 2 zikiwaka pamoja hukimaliza kwa siku 15.

Maneno manne ya kushika kwanza

Kori ni prosesa halisi, kipande cha silikoni unacholipia. Mgao ni kiasi cha kori ambacho patisheni imehakikishiwa, nacho huandikwa kwa desimali: mgao wa 1.5 ni kori moja na nusu. Prosesa pepe ndizo mfumo endeshi unazoziona, na kila moja haiwezi kutumia zaidi ya kori moja halisi kwa wakati mmoja. Fungu la pamoja ni jumla ya kori hai ambazo patisheni zote zisizo na kori za peke yao huchota humo.

Kuna na ukomo. Patisheni yenye ukomo haivuki mgao wake hata kama fungu limejaa kori zisizo na kazi. Isiyo na ukomo inaruhusiwa kuuvuka, ila itasimama pale prosesa pepe zake zitakapoishia. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo chanzo cha fedha nyingi zinazopotea, nitairudia kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako ni wa aina gani

Usianze na amri, anza na karatasi. Kuna uwashaji wa kudumu: unanunua kori, unapewa msimbo wenye herufi na tarakimu 34 uliofungwa kwenye namba ya seva hiyo moja, ukishauingiza kori ni yako moja kwa moja. Kuna wa muda, ulioitwa On/Off na baadaye Elastic, unaohesabiwa kwa siku za kori. Kuna wa majaribio, unaokupa siku 30 ambazo seva imewaka. Na kuna Power Enterprise Pools 2.0, ambako kori zote zilizomo kwenye seva huwa hai tangu mwanzo na unalipia kwa dakika kila unapovuka kiwango cha msingi ulichonunua.

Tofauti kati ya siku na dakika hubadilisha namna unavyofanya kazi. Kwenye mkataba wa siku, siku moja ni saa 24 kuanzia dakika uliyowasha, na ukirudisha baada ya saa tatu bado umelipia siku nzima. Kuwasha saa mbili asubuhi kwa kazi itakayoanza saa mbili usiku ni kutupa nusu siku. Kwenye mkataba wa dakika hakuna kuwasha wala kuzima, na hatari inageuka: patisheni yoyote isiyo na ukomo inaweza kukuvusha kiwango cha msingi usiku wa manane bila mtu kutoa amri yoyote. Ulinzi wako huko ni dari ya fungu, ambayo nimeieleza kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 2: Hakikisha ni kori kweli zinazokosekana

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Ingia ndani ya patisheni inayolalamikiwa, wakati wa msongamano wenyewe na si kesho yake, uendeshe:

`lparstat 5 12`

Utapata mistari 12, mmoja kila sekunde 5. Tazama safu tatu. `physc` ni kori halisi zinazotumika sasa hivi. `%entc` ni asilimia ya mgao iliyotumika. `app` ni kori zilizobaki bila kazi kwenye fungu la pamoja. Safu ya `app` isipoonekana, fungua sifa za patisheni hiyo kwenye HMC na uwashe ruhusa ya kukusanya taarifa za utendaji. Bila hiyo patisheni haioneshwi hali ya fungu, na bila kuiona hali ya fungu unakisia tu.

Chukua patisheni yenye mgao wa 1.5, prosesa pepe 2, isiyo na ukomo. Mstari wake, nikiacha safu zisizohusika, unasoma hivi:

`%user 71.2  %sys 17.9  %wait 0.3  %idle 10.6  physc 1.99  %entc 132.7  app 3.21`

Mtu akiona 132.7 hushtuka: mgao umevukwa kwa theluthi nzima, tununue! Lakini soma `physc`. Imegota 1.99, na prosesa pepe ni 2. Wakati huohuo `app` inasema kori 3.21 zimekaa tu. Patisheni hii imefika mwisho wa prosesa pepe zake. Ukiwasha kori nyingine 4 leo, `app` itapanda hadi 7.21, `physc` itabaki 1.99, na mtumiaji ataendelea kusubiri. Dawa ni kuongeza prosesa pepe, jambo la amri moja lisilo na gharama ya kori.

Sasa linganisha na hii, yenye mgao wa 4 na prosesa pepe 6:

`physc 4.61  %entc 115.3  app 0.03`

Patisheni ina nafasi ya kufika kori 6 lakini imeshindwa kuvuka 4.61 kwa sababu fungu limekauka. Huu ndio upungufu wa kweli. Hata hivyo usikimbilie kuwasha. Kwanza uliza nani mwingine anachota kwenye fungu hilo.

Kuna sura ya tatu: `physc` imeganda sawasawa na mgao, `%entc` inachezea 100, na `app` ni kubwa. Hiyo ni patisheni yenye ukomo. Mara nyingi mtu aliweka ukomo huo miaka mingi iliyopita kwa sababu ya leseni, kwa hiyo tafuta sababu kabla ya kuuondoa.

Ikiwa `%wait` ndiyo iliyopanda, au `vmstat` inaonyesha kurasa zikiingia na kutoka kwenye safu za `pi` na `po`, tatizo ni diski au kumbukumbu, na kori hazitasaidia.

Jambo moja huwachanganya wanaotoka kwenye seva ndogo. Kila prosesa pepe huonekana ndani ya mfumo endeshi kama nyuzi kadhaa. Ikiwa SMT, yaani idadi ya nyuzi kwa kila kori, imewekwa 8, prosesa pepe 2 zinajitokeza kama prosesa 16. Ukimwona mtu anasema "mbona tuna prosesa 16 na bado tunakwama", ujue anahesabu nyuzi. Kwa kazi hii hesabu `physc` tu.

Hatua ya 3: Gawa upya ulichonacho

Kabla ya kulipia chochote, pitia patisheni zote kwa pamoja kutoka HMC:

`lshwres -r proc -m seva1 --level lpar -F lpar_name,curr_proc_units,curr_procs,curr_max_procs,curr_sharing_mode,curr_uncap_weight`

Orodha hiyo huwa na mambo ya kusikitisha. Patisheni ya majaribio yenye mgao wa 3 ambayo haijawahi kuvuka 0.4. Patisheni ya mfumo uliostaafishwa, bado inawaka. Patisheni mbili zenye kori za peke yao, zinazolala kutwa, na mtindo wao wa kugawana hauruhusu wengine kutumia kori hizo zikiwa hazina kazi. Mtindo wa `share_idle_procs_always` huziruhusu kuchangia fungu hata zenyewe zikiwa zimewaka. Ule wa `keep_idle_procs` huzizuia kabisa.

Punguza mgao unaozidi, uelekeze kwenye uhitaji:

`chhwres -r proc -m seva1 -o r -p majaribio --procunits 2`
`chhwres -r proc -m seva1 -o a -p hesabu --procunits 2 --procs 2`

Amri ya kwanza inanyang'anya, ya pili inaongeza, zote bila kuzima kitu. Kwa fungu la pamoja kumbuka pia kwamba mgao usiotumika haupotei: haipavaiza, programu ya seva inayogawa kori kwa patisheni, huwapa wengine wasio na ukomo. Kwa hiyo kupunguza mgao wa patisheni iliyolala hakuongezi kori kwenye fungu. Kunaongeza dhamana unayoweza kumpa mwingine. Tofauti hiyo ni muhimu pale msongamano unapokuwa wa wote kwa pamoja.

Usipitilize kwenye prosesa pepe. Haipavaiza hugawa muda katika vipande vya milisekunde 10. Mgao wa 1.5 ukiutandaza juu ya prosesa pepe 6, kila moja imehakikishiwa milisekunde 2.5 tu katika kila 10, kisha inasubiri zamu. AIX hujitahidi kwa kukunja prosesa pepe zisizo na kazi, lakini ni bora usiitegemee kufunika mpangilio mbaya. Mimi huanza na prosesa pepe zinazolingana na kilele nilichokipima, naongeza moja, basi.

Hatua ya 4: Tayarisha patisheni kabla ya siku yenyewe

Fanya hatua hii wiki moja kabla ya msongamano, kwa sababu sehemu yake moja inaweza kuhitaji patisheni izimwe.

Sehemu hiyo ni kiwango cha juu kabisa. Kila profaili, yaani mpangilio wa patisheni uliohifadhiwa kwenye HMC, ina viwango vitatu: cha chini, kinachotakiwa, na cha juu. Mabadiliko ya moja kwa moja huruhusiwa kati ya cha chini na cha juu tu. Ikiwa cha juu kimeandikwa prosesa pepe 4, hutaweza kuongeza ya 5 hata ukiwasha kori zote zilizomo kwenye seva. Na ukikibadilisha kwenye profaili, kuwasha upya mfumo endeshi hakutoshi, kwa sababu patisheni husoma profaili pale tu inapozimwa kabisa na kuwashwa tena kutoka HMC. Kwa mifumo isiyozimika ovyo, hili ndilo kosa ghali kuliligundua siku ya kazi. Weka kiwango cha juu kikubwa mapema, nafasi unayo.

Pili, njia ya mawasiliano. HMC huongea na mfumo endeshi kupitia RMC, mlango 657, TCP na UDP pia. Njia ikikatika, `chhwres` itagoma. Angalia:

`lspartition -dlpar`

Patisheni yako isome `Active:<1>` na thamani ya `DCaps` isiwe sifuri. Ikiwa siyo, mtu wa mtandao aitwe leo na si usiku wa kazi. Mara nyingi ni ukuta wa moto uliobadilishwa bila kumtaarifu mwenye seva.

Tatu, uzito. Kori ulizowasha zikiwa hazijagawiwa mtu huingia zenyewe kwenye fungu la pamoja, na kila patisheni isiyo na ukomo inazigombania papo hapo. Kama mazingira ya majaribio yana uzito wa 128 na mfumo wa mahesabu una 128, ambayo ndiyo thamani ya kawaida, watagawana ziada sawa kwa sawa. Umelipia kori kwa ajili ya mahesabu, nusu yake inaliwa na jaribio la mtu. Weka mahesabu 200 na majaribio 50:

`chhwres -r proc -m seva1 -o s -p hesabu -a "uncap_weight=200"`
`chhwres -r proc -m seva1 -o s -p majaribio -a "uncap_weight=50"`

Sasa wakigombania, mahesabu yanapata sehemu nne kati ya tano za ziada. Kusipokuwa na mgogoro uzito hauzuii mtu. Ukitaka zuio kamili, mpe majaribio uzito wa 0. Hiyo ni sawa na kumwekea ukomo.

Nne, leseni, na hapa naomba sana usiruke. Programu nyingi za hifadhidata na za kati hulipiwa kwa kori. Patisheni isiyo na ukomo inaweza kuhesabiwa kwa kiasi cha juu inachoweza kufikia, na siyo kwa kile ilichotumia. Ukiongeza prosesa pepe kutoka 4 hadi 8 kwa siku mbili, unaweza kuwa umejitengenezea deni la leseni linalozidi mara nyingi bei ya kori zenyewe. Mwone anayeshughulikia leseni, mpe namba mbili: prosesa pepe za sasa na za kilele. Ikiwa kuna dari ambayo haipaswi kuvukwa, kusanya patisheni zenye programu hiyo kwenye fungu lao dogo na uliwekee dari:

`chhwres -r procpool -m seva1 -o s --poolname hifadhidata -a "max_pool_proc_units=4"`

Fungu hilo halitavuka kori 4 hata liwe na patisheni kumi zisizo na ukomo. Na kwa wenye mkataba wa dakika, hii ndiyo bomba ya kufungia matumizi.

Mwisho, nakili hali ya sasa. Endesha tena ile `lshwres` ya hatua ya tatu na uhifadhi matokeo kwenye faili lenye tarehe. Utalihitaji wakati wa kurudisha.

Hatua ya 5: Washa

Tazama kwanza kilichopo:

`lscod -m seva1 -t cap -c onoff -r proc`

Kisha omba. Kori 2 kwa siku 3 ni siku 6 za kori:

`chcod -m seva1 -o a -c onoff -r proc -q 2 -d 3`

Kwa msimbo wa kudumu amri ni `chcod -m seva1 -o e -k` ikifuatwa na msimbo wenyewe. Unakili na kuubandika. Kuuandika kwa mkono herufi moja moja ni kutafuta makosa.

Omba siku chache kuliko unavyodhani. Kuongeza siku ni amri nyingine moja, ila siku ulizoomba kwa hofu huwafanya watu wasahau kurudisha mapema.

Hatua ya 6: Fuatilia kori mpaka zifike kwenye programu

Amri ikirudi bila kosa, kori ziko hai kwenye seva, hazijawa kwenye programu bado. Angalia fungu:

`lshwres -r proc -m seva1 --level sys -F configurable_sys_proc_units,curr_avail_sys_proc_units`

Namba zote mbili zipande kwa 2. Hapo una uamuzi wa kufanya.

Unaweza kuziacha bila kumgawia mtu, patisheni zisizo na ukomo zichote kwa uzito mlioweka. Uzuri wake ni kwamba kurudisha kutakuwa rahisi mno, maana hakuna mgao wa kuondoa. Ubaya ni kwamba hakuna dhamana. Au unaongeza mgao wa patisheni husika kwa `chhwres`, na dhamana inakuwepo, lakini utalazimika kuuondoa baadaye. Kwa kazi ya usiku isiyo na wateja wanaosubiri mbele ya skrini mimi huchagua njia ya kwanza. Kwa mfumo wa malipo ambao kila sekunde ina mtu nyuma yake, ongeza mgao. Patisheni yenye kori za peke yake haina chaguo: haichoti kwenye fungu, lazima uiongezee kori nzima kwa `--procs 1`.

Rudi ndani ya patisheni, endesha `lparstat 5 12` tena. `physc` inatakiwa ivuke pale ilipokuwa imegota. Kwenye Linux, `lparstat` hupatikana katika kifurushi cha powerpc-utils, na faili la `/proc/ppc64/lparcfg` huonyesha mgao na prosesa pepe za sasa.

Ikiwa prosesa pepe zimeongezeka na `physc` haikusogea, tazama programu yenyewe. Programu nyingi huhesabu prosesa mara moja tu zinapoanza na kupanga idadi ya nyuzi zake kwa hesabu hiyo. Mashine pepe ya Java, kwa mfano, huamua nyuzi za kusafisha kumbukumbu wakati wa kuanza. Seva ya programu iliyopewa nyuzi 16 za kazi kwenye faili la mipangilio itabaki na 16 hata ukiipa kori 40. Hili ulijue mapema, ili upange kuianzisha upya baada ya kuongeza na si katikati ya kilele.

Hatua ya 7: Rudisha, kwa mpangilio wa kinyume

Weka saa ya kurudisha kwenye kalenda wakati uleule unapowasha, na jina la mtu mmoja. Kazi ya wote haina mwenyewe.

Mpangilio ni huu: kwanza toa mgao kwenye patisheni, kisha rudisha kori. Ukigeuza, kori bado zinahesabika zimeshikwa. Muda ulioomba ukiisha na patisheni bado zimezishika, seva haitazinyang'anya katikati ya kazi. Itaandika siku za ziada kama kori zisizorudishwa, na utalipia.

`chhwres -r proc -m seva1 -o r -p hesabu --procunits 2 --procs 2`

Angalia tena `curr_avail_sys_proc_units`. Ukirudisha kori 2, thamani hiyo iwe 2.0 au zaidi, 1.9 haitoshi. Halafu:

`chcod -m seva1 -o d -c onoff -r proc`

Wakati mwingine kutoa prosesa pepe kunagoma. Kwenye AIX sababu ya kawaida ni mchakato uliofungwa kwenye prosesa maalumu. Mtafute:

`ps -emo THREAD`

Safu ya `BND` huonyesha namba ya prosesa pale uzi ulipofungwa, na alama ya kistari pale ulipo huru. Ukimpata, mwenye programu amfungue au asimamishe mchakato huo, ndipo ujaribu tena. Usilazimishe.

Kisha rudisha uzito ulivyokuwa, ukilinganisha na lile faili la hatua ya nne.

Hatua ya 8: Profaili na kumbukumbu za malipo

Mabadiliko ya moja kwa moja hayajiandiki kwenye profaili isipokuwa patisheni imewekwa ilandanishe profaili na hali ya sasa. Jambo hili linakata kuwili. Uliongeza prosesa pepe kwenye hatua ya tatu kama dawa ya kudumu? Zihifadhi, la sivyo siku patisheni itakapozimwa na kuwashwa kutoka kwenye profaili zitatoweka na malalamiko yatarudi:

`mksyscfg -r prof -m seva1 -o save -p hesabu -n kawaida --force`

Lakini usihifadhi wakati kori za muda zimo. Profaili ikibaki na mgao wa kilele, hakuna kitakachoonekana kwa miezi. Siku umeme utakapokatika na seva nzima kuanza upya, jumla ya migao inayotakiwa itazidi kori zilizopo. Patisheni za kwanza kuwaka zitachukua zote wanazotaka, zinazofuata zitapewa pungufu, na ya mwisho, ikikosa hata kiwango chake cha chini, haitawaka kabisa. Kama ulandanishaji umewashwa, hakikisha profaili inaonyesha tena mgao wa kawaida baada ya kurudisha.

Mwishowe vuta kumbukumbu mbili:

`lscod -m seva1 -t hist`
`lscod -m seva1 -t bill -c onoff -r proc`

Ya kwanza ina kila uwashaji na urudishaji pamoja na saa yake. Ya pili ndiyo hesabu ya siku itakayokuja kwenye ankara. Zilinganishe na kalenda yako siku hiyohiyo, ukiwa bado unakumbuka. Mkataba wa On/Off unataka taarifa ya matumizi itumwe kila mwezi, hata mwezi ambao hukuwasha kitu, kwa hiyo iwekee ratiba badala ya kuitegemea kumbukumbu ya mtu.

Baada ya miezi sita hivi, jumlisha siku za kori ulizolipia na uziweke kando ya bei ya kuwasha kori moja ya kudumu. Ikiwa kori ileile inawashwa kila mwisho wa mwezi kwa siku saba au nane, omba bei ya kuinunua, na uipeleke kwa mwenye bajeti pamoja na `lscod -t hist` iliyochapishwa.